Anayekishusha Kiti Changu

Shemeji yangu hutengeneza meno. Si daktari, daktari hung'oa, yeye hurudisha. Ukikutana naye njiani akakutazama mdomoni kabla ya kukutazama machoni, usikasirike, ndivyo alivyo. Kaka yangu husimulia kwamba siku alipomwambia anampenda, alijibiwa, "Jino lako la juu kushoto limejipinda, unajua?" Kaka, ambaye kazi yake ni kufunga vioo vya madirisha na si mtu wa maneno mengi, akasema anajua. Mambo yakaishia harusini.

Karakana ya meno iko nyuma ya duka la kutengeneza simu. Mbele kuna chumba kidogo cha wateja chenye benchi na kioo cha ukutani. Nyuma kuna meza ndefu ya kazi, taa ya shingo ndefu, jiko dogo la gesi la kuyeyushia nta, mashine ya kung'arisha, na rafu iliyojaa mataya ya plasta, yamepangwa kama watu wanaosubiri kuitwa. Kila kitu mle ndani kina vumbi jeupe. Mwenye karakana tunamwita Mkurugenzi. Jina hilo tulimpa sisi nyumbani, kwa sababu ana wafanyakazi wawili tu lakini hutembea kama ana mia mbili.

Kabla ya kuzaa, shemeji alikuwa akishinda pale kutwa nzima. Alimwaga plasta, akapanga meno kwenye nta ya rangi ya waridi, jino moja moja, akachonga ufizi mpaka ukafanana na ufizi wa mtu aliye hai, akayapika mpaka yakawa magumu, akang'arisha, na mwisho akasimama mlangoni kumwangalia mwenye meno akijitazama kwenye kioo. Hapo ndipo alipokuwa akilipwa, yeye husema. Mshahara ulikuja baadaye.

Alipotoka likizo ya uzazi mtoto alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo Mkurugenzi akampa nusu siku. Aliingia asubuhi, na saa sita karakana ilipofungwa kwa chakula cha mchana alitoka mbio huku blauzi imeanza kulowa. "Mtoto ananipigia kengele kifuani," alikuwa akisema akiingia mlangoni, mkoba bado begani, tayari ananyoosha mikono.

Mchana akawekwa mtu mwingine. Mtu huyo akaanzia pale shemeji alipoachia, na shemeji hakupata kumwona hata mara moja.

Nilijua habari zote hizi kwa sababu naishi kwao. Nimemaliza chuo, kazi naitafuta, na kwa sasa mambo ya nyumba ile nayajua kuliko wenye nyumba. Jioni, wakati wa kula, tulipewa taarifa ya yule mtu wa mchana kama watu wengine wanavyopewa taarifa ya habari.

"Leo tena kiti nimekikuta chini," shemeji alisema siku moja. Ni kile kiti cha magurudumu, chenye mkono wa kukipandisha na kukishusha. Yeye ni mrefu, kila asubuhi hukipandisha. "Na kisu cha nta nilikiacha kulia, nimekikuta kushoto. Kwa hiyo ni mfupi, na anatumia mkono wa kushoto."

"Eeh," mama alisema. Mama yetu, mimi na kaka, ndiye mwenye meza ile hata kama kodi analipa kaka. "Na mengine?"

"Redio ameihamishia idhaa ya mpira. Halafu anakula pipi za mnanaa. Karatasi zake hazitupi, anazikunja vipepeo. Vidogo, mama, vizuri ajabu. Nimekuta vitatu chini ya taa."

"Mwanamume," kaka alisema.

"Umejuaje?"

"Mpira."

"Mimi nasikiliza mpira tangu hujazaliwa," mama alisema. "Na mimi ni mwanamume?"

Kaka akainamia sahani yake.

Ungedhani shemeji angemuuliza tu Mkurugenzi. Alimuuliza. Mkurugenzi, bila kuinua macho kwenye simu, akamjibu, "Ni mwenzako. Fanya kazi yako, maswali yaache mlangoni." Hilo lilinikera mimi zaidi ya lilivyomkera yeye. Watu wawili wanatengeneza kitu kimoja, mmoja anaanza na mwingine anamaliza, halafu mwenye duka anahakikisha hawajuani hata kwa sura! Nilisema hivyo mezani, kwa sauti. Nikasema huo ni mkakati, watu wasiojuana hawawezi kudai chochote pamoja. Nikataja unyonyaji.

"Unyonyaji tumeshaumaliza," mama alisema. "Mtoto ameacha ziwa wiki iliyopita. Kula."

Ni kweli, alikuwa ameacha. Mtoto mwenyewe ni wa kike, tunamwita Inspekta, maana hakuna kabati, mkoba wala sufuria anayoipita bila kuifungua na kuchungulia. Alikuwa ameanza kutembea, na kwa kuwa sasa alikula chakula cha kawaida na kulala mchana kwa bibi yake bila kelele, shemeji alianza kusema jambo alilokuwa amelimeza muda mrefu.

"Nataka siku yangu nzima," alisema. "Tangu nirudi kazini sijamaliza seti hata moja. Naanza, namwachia mtu. Meno yanatoka pale, sijui yameingia mdomo gani, sijui kama huyo mtu alicheka au alilia. Nimechoka kuwa mwanzo tu."

Sikiliza, hilo si jambo dogo. Mwanamke akijifungua, watu humpongeza siku ya kwanza, na siku zote zinazofuata humtilia mashaka. Akibaki nyumbani, mvivu. Akirudi nusu siku, hana moyo na kazi. Akitaka siku nzima, hana moyo na mtoto. Nasema mwanamume hajawahi kuulizwa swali hilo hata mara moja. Kaka yangu alirudi kwenye vioo vyake siku ya pili na watu wakamnunulia soda.

Basi shemeji akaenda kwa Mkurugenzi, akamwambia wazi. Mkurugenzi akakuna shingo. Akasema kazi ya siku nzima ni kiti kimoja, na kiti kile sasa kina watu wawili. Na zaidi ya hapo, akasema, kuna tatizo la meno ya dalali.

Dalali huyo ni mzee wa minada, mtu wa sauti, anayesimama juu ya meza sokoni na kuuza friji mbovu kwa watu wenye friji nzima. Meno ya mbele ya juu yalikuwa yamemtoka, na mnada bila meno ni upepo mtupu. Alikuja asubuhi, akamwambia shemeji mwenyewe, mbele ya kioo, "Binti, nirudishie mwanya wangu. Hapa katikati. Watu wananijua kwa mwanya huu toka ujana." Shemeji akapanga meno kwenye nta, akaacha mwanya katikati, mzuri, akayaweka kwenye kile kibano cha chuma kinachofunga na kufungua kama taya la mtu, akaondoka saa sita.

Kesho yake asubuhi mwanya ulikuwa umefungwa.

Alidhani mwenzake amesahau. Akapasha nta moto, akausogeza. Kesho yake tena, umefungwa. Akaufungua. Umefungwa. Wakati huo kitu kingine kilikuwa kinamsumbua: alama za magurudumu ya kiti kwenye vumbi la plasta. Zilikuwa zinarudi nyuma. Zamani zilikuwa karibu kabisa na meza, kisha zikasogea nyuma kidogo, sasa mtu wa mchana alikaa mbali mpaka ilikuwa ajabu jinsi mikono yake ilivyofika.

"Ananenepa," shemeji alituambia.

"Kitambi," kaka alisema kwa furaha. "Si niliwaambia ni mwanamume?"

"Mwenye kitambi na mwenye kiburi. Namwonyesha mwanya kila siku, na kila siku anauziba. Anadhani mimi sijui kazi."

Mkurugenzi aliligundua jambo hilo wakati mteja alipoanza kulalamika kwamba meno yake hayaishi. Hakuuliza nani alifanya nini. Alisema tu, akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, kwamba mmoja wao haelewi kazi, na Ijumaa ataamua nani anabaki na kiti siku nzima na nani anakwenda nyumbani.

Shemeji alipotuletea habari hiyo nyumbani, niliwaka. Nikasema tumwandikie barua. Nikasema tuitishe kikao. Nikasema kuna sheria.

"Shemeji, wewe kila kitu barua," alisema, akicheka shingo upande, mtoto mapajani. Lakini macho yake hayakucheka. Kisha akasema, "Ijumaa akinirudisha nyumbani, sijui nitafanya nini na hii mikono."

Mama alikuwa akifuta meza. "Unataka kumjua huyo mtu au hutaki?"

"Nataka, mama. Usiku nalala namuwaza kuliko ninavyomuwaza mwanao."

"Nimesikia hilo," kaka alisema.

"Basi nenda mchana," mama alisema. "Miguu unayo. Mtoto hakuiti tena."

Tulitazamana. Ni kweli. Hakuna aliyekuwa amefikiria. Muda wote ule alikuwa akikimbia saa sita kwa sababu ya maziwa, na maziwa yalikuwa yamekauka, lakini miguu iliendelea kukimbia kwa mazoea.

Alhamisi alikwenda. Inspekta alikataa kubaki, akang'ang'ania sketi, kwa hiyo akabebwa. Na mimi nikaenda kumbeba mtoto, au ndivyo nilivyosema. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeandaa hotuba fupi ya kumpa yule mwenye kitambi. Tulifika karakana imeshafunguliwa. Mkurugenzi mchana huzunguka kwenye zahanati kupeleka meno na kuleta vipimo vipya, kwa hiyo chumba cha mbele kilikuwa kitupu. Kutoka nyuma tulisikia mtangazaji wa mpira anapiga kelele, na mtu mwingine anamjibu: "Pasi! Mpe pasi, wewe! Ah, kipofu mkubwa!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke.

Shemeji alisukuma pazia. Kwenye kiti, kimeshushwa mpaka chini, alikaa mwanamke mfupi, pipi shavuni, kisu cha nta mkono wa kushoto. Alikuwa mbali na meza, amejinyoosha mbele kama mtu anayefua kwenye beseni la jirani. Na kati yake na meza palikuwa na tumbo. Si kitambi. Tumbo la mtu ambaye siku zake zimekaribia kabisa.

Hotuba yangu ilinitoka kichwani yote.

"Karibuni," yule mwanamke alisema, akijaribu kuinuka. "Mkurugenzi hayupo, atarudi baada ya..." Akaona shemeji anatazama kiti, si yeye. Kisha shemeji akatazama kisu. Kisha vipepeo. Yule mwanamke akatazama urefu wa shemeji kutoka miguuni mpaka juu, taratibu.

"Wewe ndiye unayekipandisha kiti," alisema.

"Wewe ndiye unayekishusha."

"Dada, kila siku! Kila siku nafika hapa na hali hii, napanda kiti kama napanda mnazi!"

"Na mwanya je?" shemeji alisema. Hakuwa amekuja kucheka. "Mwanya wa dalali. Kwa nini unaufunga?"

"Mimi? Nikuulize wewe kwa nini unaufungua!"

"Kwa sababu kasema. Amesimama hapo mbele, kwa mdomo wake, akasema nirudishie mwanya wangu."

"Na mimi kaniambia hapo hapo, kwa mdomo wake, nizibe. Yeye na mkewe. Wanakuja kila siku mchana. Mke anasema ziba, mzee anaitikia kwa kichwa, mimi naziba. Nikasema huyu mtu wa asubuhi, ama hasikii, ama ana dharau. Nikamchora kichwani: mzee mmoja mrefu, mkali, miwani puani."

"Mimi nilikuchora una kitambi."

"Si ninacho?"

Hapo wakacheka, wote wawili, na kicheko chenyewe kikawa kama cha watu waliosoma darasa moja. Inspekta alikuwa ameshashuka mikononi mwangu na kupata kipepeo cha karatasi, anakigeuzageuza kutafuta kinavyofunguliwa. Shemeji alivuta kigoda, akakaa. Sasa maswali yalimwagika. Mbona ufizi unauchonga hivi na si vile? Mnanaa kwa nini? Kichefuchefu, tangu mwezi wa kwanza, harufu ya nta. Na kunjakunja? Mikono inataka kitu cha kufanya wakati nta inapoa. Kwa nini hukuwahi kuacha neno kwa Mkurugenzi? Niliacha, dada, mara ngapi! Na mimi niliacha. Wakatazamana. Salamu zao zote zilikuwa zimeishia kwenye simu ya yule bwana.

"Anajua?" shemeji aliuliza, akionyesha tumbo kwa kidevu.

Yule mwenzake akaacha kucheka. "Hajui. Akija nakuwa nimekaa, meza inanificha. Nilipoingia hapa aliniambia hii kazi ni ya kushikiza tu, mpaka wewe utakapotaka siku yako. Nikajua nikisema nina mimba, kesho yake sina kazi. Na sasa Ijumaa anaamua." Akageuza kisu mkononi. "Wewe ndiye utakayepata, na mimi sina la kusema, kilikuwa chako. Lakini nikishajifungua nitarudi wapi?"

Kitu alichokuwa akikitaka shemeji kilikuwa pale mbele yake, karibu kuliko wakati wowote, na ghafla kilikuwa kimekaliwa na mtu mwenye sura, mwenye pipi shavuni.

Kabla hajajibu, sauti ikaja kutoka mbele. "Hodi! Mafundi! Leo mdomo wangu mtanipa au niende kwa seremala?"

Dalali na mkewe. Shemeji na mwenzake wakainuka kwa pamoja, mmoja kwa haraka na mmoja kwa awamu, wakatoka na lile pande la nta lenye meno. Mzee aliposimama mbele ya watu wawili waliomjua kila mmoja kwa upande wake, alianza kutazama dari.

"Mzee wangu," shemeji alisema, "asubuhi unataka mwanya. Mchana hutaki. Tumfuate nani, wewe au wewe?"

"Mwanya gani?" mke wa dalali akageuka. "Kumbe asubuhi unapotea kuja huku?"

"Mama watoto..."

"Mwanya nimesema hapana! Huo mwanya ndio uliokuwa ukiwaleta wale wanawake mnadani. Hawanunui hata kijiko, wamesimama tu wanakutazama ukicheka."

"Biashara ilikuwa nzuri," mzee alisema kwa unyonge.

Yule wa mchana akasema, taratibu, kwamba kuna njia ya kujua. Nta bado ni laini. Wampe yaliyofungwa, aseme, kisha waufungue mwanya, aseme tena, masikio yaamue. Shemeji akaitikia. Wakamvalisha. Mzee akapanda juu ya benchi, kwa mazoea, akainua mkono.

"Friji! Friji safi! Nani atasema zaidi?" Maneno yalitoka sawasawa kabisa, yamenyooka, kama ya mtu anayesoma matangazo ya vifo. Hata yeye alishtuka. Alisimama pale juu kama mtu aliyevaa koti la mwenzake.

Wakayatoa. Nilitazama mikono minne juu ya jiko moja, wa kulia wa huyu na wa kushoto wa yule, bila kugongana hata mara moja. Mmoja alipasha, mwingine akasogeza. Mwanya ukarudi, mdogo tu, kiasi cha kupitisha ukucha. Wakamvalisha tena.

"Friji! Friji saaafi!" Hapo katikati ya meno kikapita kifilimbi, chembamba, cha furaha, kikaenda mpaka mtaani. Fundi wa simu wa duka la mbele akachungulia. Inspekta akapiga makofi. Na mke wa dalali, aliyekuwa amekunja mikono, akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika.

"Huyo sasa ndiye," alisema alipopata pumzi. "Mungu wangu, huyo ndiye. Haya, uwe huo huo mdogo. Lakini mnadani nakuja na mimi, nikae mbele."

Kelele hizo ndizo zilizomkuta Mkurugenzi mlangoni, mkoba wa vipimo mkononi. Alitutazama mmoja mmoja. "Nani amewaruhusu? Wewe saa zako zimekwisha. Na wewe mbona umesi..." Macho yake yakashuka kutoka usoni pa yule mfupi, yakatua tumboni, yakakaa hapo. "Tangu lini?"

"Tangu zamani, bosi. Ungeinua macho kwenye simu ungeona."

Nilifungua mdomo. Shemeji akanigusa mkono, nikaufunga. Alisema mwenyewe, wala hakupandisha sauti. Alisema anataka siku yake nzima kuanzia Jumatatu. Alisema mwenzake akishajifungua na akiwa tayari, arudi kwa nusu siku, kama yeye alivyorudi, na wakae meza moja saa hizo, maana yaliyotokea kwa dalali yametokea kwa sababu waliwekwa wasionane. "Na kazi ya mikono yote hii ipo," alisema. "Geuka uone rafu yako."

Mkurugenzi aligeuka. Mataya yalimtazama.

"Kiti ni kimoja," alisema.

"Kuna kigoda."

"Na Ijumaa nilisema nitaamua."

"Haya, waungwana!" Dalali hakuwa ameshuka kwenye benchi. Alikuwa na meno, na alikuwa na watu mbele yake, na sidhani kama nguvu yoyote duniani ingemzuia. "Mafundi wawili! Mmoja siku nzima, mmoja nusu akirudi na mtoto wake! Nani anapinga? Mara ya kwanza!" Kifilimbi kikapita. "Mara ya pili! Yule bwana mwenye mkoba, unasema kitu? Unakuna shingo, kukuna si bei! Mara ya tatu!" Akapiga kiganja ukutani. "Imekwenda!"

Naamini kama Mkurugenzi angekuwa peke yake nao wawili angepata la kusema. Lakini mbele ya mteja, mke wa mteja, fundi wa simu na mtoto anayepiga makofi, alifanya kile wafanyacho watu wa aina yake wakibanwa: alijifanya wazo lilikuwa lake. "Ndivyo nilivyokuwa nimefikiria," alisema. "Jumatatu, basi. Na kigoda mtajinunulia."

"Cha kwako kipo," yule mfupi alisema. "Nimekikalia mwezi mzima kula chakula."

Ijumaa mchana shemeji alibaki. Wakapika meno ya dalali pamoja, wakayang'arisha, na mzee alipojitazama kwenye kioo shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Alituambia jioni kila kitu: jinsi jua la mchana linavyoingia kwa dirisha la nyuma na kuonyesha vumbi lote, jinsi mzee alivyogusa jino moja kwa kidole kama mtu anayegusa rangi mbichi, jinsi alivyojaribu kutabasamu kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha akasahau kujaribu. Hakuacha kusimulia mpaka chakula kikapoa.

Jumatatu alikwenda kwa siku nzima. Mwenzake alikuwa ameshaanza likizo. Jumanne asubuhi alifika, akawasha taa, akanyoosha mkono kushika ule mkono wa kiti akipandishe, na kiti kilikuwa juu. Pale pale alipokiacha. Kisu kilikuwa kulia. Hapakuwa na kipepeo. Alisimama kidogo, alituambia, kama mtu aliyefungua redio ikakaa kimya, ndipo akakaa, akaanza kazi, akaifanya mpaka mwisho.

Lakini mtu mwenye udadisi haponi, huhama tu. Siku hizi akirudi jioni hasemi habari za karakana kwanza. Huingia taratibu, huvua viatu, huanza kutazama. Kijiko kiko chini ya kiti cha mama. Beseni limehamishwa bafuni, na ndani yake kuna soksi moja ya kaka. Kwenye ukuta, kwa urefu wa goti, kuna alama ya kiganja yenye unga. Hushika mikono ya Inspekta, huinusa, hutazama kucha.

"Leo mchana amefika jikoni," husema. "Na kuna mtu alimpa kitu kitamu. Shemeji?"

Mimi hutazama dari kama dalali.

"Na hili je?" aliuliza juzi, amepiga magoti, kidole kinachungulia ndani ya mdomo wa mwanawe. "Mama, njoo uone. Jino jipya. Asubuhi halikuwepo, nimeangalia mwenyewe."

"Limetoka mchana," mama alisema.

Shemeji alikaa sakafuni, bado na vumbi jeupe kwenye nywele, akamvuta mtoto karibu na taa. "Haya, Inspekta," alisema. "Nisimulie. Anza mwanzo, na usiache kitu."

Na Inspekta akamsimulia, kwa lugha yake, maneno mengi yasiyokuwa na hata moja tunalolijua, na shemeji akasikiliza mpaka mwisho.